Kaseti za Kwaya na Mipira Miwili
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Yubile



Ripoti ya mwaka mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hivyo sitairudia. Kamati ya yubile imenipa nafasi nieleze habari za kaseti za kwaya: kwa nini zilinyamaza miaka mingi, na jinsi ile deki iliyo pale mezani ilivyorudi kazini. Wengi mmenisimamisha mlangoni baada ya ibada mkiniuliza, "Katibu, mlinunua mashine mpya?" Hatukununua. Mashine ni ileile iliyokuwa juu ya kabati la ofisi ikiwekewa vyungu vya maua. Tulichonunua ni mipira miwili, na bei yake haikufika nauli ya kwenda Nairobi na kurudi.

Nianze na kilicho ndani ya kaseti hizo, kwa sababu nimesikia baadhi ya vijana wakisema tunahangaikia takataka. Wazee wetu hapa watanishuhudia kwamba nyimbo nyingi za kwaya hii hazikufundishwa kwa karatasi. Mwalimu alikuja na wimbo kichwani, akaimba sauti ya kwanza, akina mama wakamfuata. Akageukia sauti ya pili, kisha tena, kisha besi, mpaka giza likaingia. Daftari la solfa lililobaki lina nyimbo chache, na hata hizo nyingi zimeandikwa sauti ya kwanza na besi tu. Sauti za katikati zilikuwa vichwani mwa watu. Baadhi ya watu hao wamelala katika Bwana, wengine wamehamia mbali, na wengine, kama wanavyokiri wenyewe, wamesahau. Mahali pekee ambapo alto na tena za nyimbo hizo bado zinaimba ni ndani ya kaseti hizo. Sasa mtaelewa kwa nini kamati ilipopendekeza kutupa deki, baadhi yetu tulikataa.

Kwa faida ya watoto wa shule ya Jumapili ambao hawajawahi kushika kaseti: hii ni kasha dogo la plastiki, na ndani yake kuna utepe mwembamba wa kahawia wenye upana usiofika milimita 4. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoionyesha dunia kaseti ya aina hii mwaka 1963, na baadaye ikaenea hadi vijijini kwetu, kwa kuwa redio yenye kaseti iliweza kutumia betri na mtu angeweza kurekodi mwenyewe bila studio. Sauti imeandikwa kwenye utepe kwa sumaku. Utepe hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na ukipiga hesabu utapata karibu mita 86 za utepe. Naomba mkumbuke hiyo 4.76, nitairudia.

Basi, ni nani anayevuta utepe kwa mwendo huo? Hapo ndipo mipira inapoingia. Ndani ya deki kuna mota ndogo, na mota hiyo haigusi utepe kabisa. Inazungusha mkanda wa mpira, bapa na mpana kama tambi, na mkanda huo unazungusha gurudumu zito la chuma. Katikati ya gurudumu kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachotokeza upande wa mbele. Utepe hubanwa kati ya kifimbo hicho na kigurudumu cha mpira, na hivyo huvutwa polepole kwa mwendo ule ule. Gurudumu limefanywa zito makusudi, ili mota ikishtuka kidogo gurudumu lisishtuke. Mkanda wa pili, mdogo na wa pembe nne, unasaidia kuzungusha upande unaopokea utepe baada ya kusomwa. Mpangilio hutofautiana kati ya deki na deki, lakini yetu iko hivyo.

Ukielewa hayo, magonjwa ya deki unaweza kuyatambua kwa kusikiliza tu. Mkanda mkubwa ukilegea, wimbo unayumba, na noti ndefu ya mwisho inapanda na kushuka kama mtu anayeimba akiwa kwenye matatu katika barabara mbovu. Mkanda mdogo ukilegea, utepe hauvutwi upande wa pili, unajikunja ndani, na ukifungua mlango unakuta makorokoro. Ndiyo ile tunayosema mashine imekula kaseti. Na mkanda ukifa kabisa, unabonyeza kitufe, unasikia mota ikinguruma, hakuna kinachozunguka, kisha kitufe kinaruka chenyewe. Deki yetu ilikuwa hapo pa mwisho. Ilipelekwa duka moja jijini, ikarudishwa na karatasi iliyoandikwa kwamba imekufa na haina spea. Kwa karatasi hiyo ndipo ikawekewa maua.

Aliyeifungua ni mzee wetu fundi wa redio hapa sokoni, ambaye si mwanakwaya lakini huketi benchi la nyuma kila Jumapili. Mimi nilishika tochi na kuandika. Alipotoa mfuniko na kile kibati cha nyuma, tulikuta hakuna mkanda. Kulikuwa na kitu cheusi kama lami iliyopata jua, kimeshika kwenye puli ya mota na kuzunguka gurudumu lote. Hicho ndicho kilichokuwa mkanda. Aina fulani za mpira huoza zenyewe kwa joto na unyevu wa miaka, hata kama mashine haitumiki. Mpira wa aina nyingine haugeuki lami. Unakauka, unapasuka, au unarefuka kama lastiki ya soksi kuukuu. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hudhani mashine iliyohifadhiwa bila kutumiwa inabaki salama. Kwa mipira si hivyo.

Kuisafisha lami ile kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, karibu alasiri nzima. Inashika vidole, inashika shati, na ikigusa utepe wa kaseti umeharibu kaseti. Mzee alianza na vijiti vya meno kukwangua vipande vikubwa, kisha akatumia pamba iliyolowa spiriti ile safi ya isopropili, pamba moja baada ya nyingine, mpaka iliyotoka ikawa nyeupe. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama alitaka kuleta petroli ili kazi iende haraka. Mzee alimkataza: petroli na thina hula plastiki na kuacha mafuta, na mkanda mpya hautashika kwenye puli yenye mafuta. Kwa sababu hiyohiyo, mkanda mpya haushikwi kwa vidole vilivyotoka kula chapati.

Kisha likaja swali la kipimo. Mkanda wa zamani umeyeyuka, utajuaje urefu wake? Mzee alichukua uzi wa kushonea, akauzungusha kwenye puli ya mota na gurudumu kwa njia ileile ambayo mkanda ungepita, akaukaza bila kuuvuta, akakata, akaupima kwa rula. Uzi ulitoka sentimita 24. Mkanda hauwi sawa na uzi. Lazima uwe mfupi kidogo ili uvutike ukae kwa nguvu. Kadiri yake ni kama asilimia 5, kwa hivyo tulitafuta mkanda wa mzunguko wa karibu sentimita 23. Ukiwa mrefu mno utateleza. Ukiwa mfupi mno utaivuta mota upande, mota itachoka na bushi zake zitaliwa. Upana nao tuliupima kwenye alama zilizobaki kwenye gurudumu, tukapata milimita 5. Mkanda mdogo tulipima vivyo hivyo. Tulizipata zote mbili kwa wauza spea wa Luthuli Avenue, katika mfuko wa mikanda mchanganyiko, baada ya kijana wetu wa besi kuingia maduka kadhaa akiwa na uzi wake mkononi na kuchekwa.

Niseme neno kuhusu njia za mkato, maana zilipendekezwa. Raba bendi ya kufungia noti haifai. Unene wake haulingani pande zote, na kila inapozunguka penye unene wimbo unaruka. Tena hukatika baada ya muda mfupi. Blada ya baiskeli iliyokatwa kwa makasi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kukata ukanda ulio sawa kabisa. Wapo waliosema tununue redio ndogo ya kaseti ya siku hizi, ya bei nafuu. Hizo zinafaa kusikilizia nyimbo jikoni. Lakini nyingi zina gurudumu jepesi, mwendo wake unayumba, na ukinakili wimbo kutoka kwenye mashine inayoyumba, umeuhifadhi ukiwa unayumba milele. Kwa maoni yangu, ni heri kaseti ikae kimya mwaka mmoja zaidi kuliko kunakiliwa vibaya halafu ikatupwa.

Mikanda ilipoingia, mzee alizungusha gurudumu kwa kidole mara kumi hivi, polepole, ili mkanda ujipange katikati ya puli. Alitia tone moja dogo la mafuta ya cherehani kwenye bushi ya kifimbo, akapangusa lililozidi. Akasafisha kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira. Kisha tukaweka kaseti. Si ya kwaya, tafadhali! Tuliweka kaseti ya matangazo ya zamani ambayo hata ikiliwa hakuna atakayelia. Ikazunguka.

Hapo wengi wangefunga mfuniko. Lakini wanakwaya, sikilizeni hapa, kwa kuwa hili ni jambo letu hasa. Mashine kuzunguka si sawa na mashine kuzunguka kwa mwendo unaotakiwa. Mkanda mpya ukiwa na unene tofauti na wa kwanza, mwendo hubadilika. Mota nyingi za deki zina tundu dogo nyuma, na ndani yake skrubu ya kurekebisha mwendo. Mwendo ukipungua kwa karibu asilimia 6, wimbo wote unashuka nusu toni nzima. Uliorekodiwa doh ikiwa G utausikia ukiwa F kali, na kasi yake imepungua pia. Soprano watasikika kama alto waliochoka. Ukizidi kwa kiasi hicho, mabesi wetu watakuwa vijana wa darasa la nane. Na sisi tungewafundisha watoto hivyo hivyo, tukiapa kwamba ndivyo wazee walivyoimba.

Mafundi wa mijini wana kaseti maalumu ya kupimia yenye mlio wa hezi 3,000 au 3,150. Sisi hatukuwa nayo. Mwalimu wa kwaya alisema tutumie wimbo wenyewe: daftari linasema doh ni G, basi tukaze skrubu mpaka isikike G. Kwa heshima zote, njia hiyo haitoshi. Kwaya inayoimba bila kinanda hushuka yenyewe, na sisi tunajijua. Tungekuwa tunairekebisha mashine ifuate makosa ya Jumapili fulani. Ndipo tukarudi kwenye ile 4.76. Tulichukua kaseti tupu, tukautoa utepe wake taratibu, tukaulaza kwenye sakafu ya kanisa kando ya mabenchi, bila kuuvuta, tukapima kwa futi ya fundi cherehani mita 4 na sentimita 76. Tukatia nukta mbili za kalamu nyeupe upande wa mgongo wa utepe, moja kila mwisho. Hesabu ni rahisi hata kwa wanafunzi wangu: sentimita 476 ukigawa kwa 4.76 ni sekunde 100. Tukaurudisha, tukaondoa kifuniko cha mlango wa deki, na mtu akakaa na saa ya simu akingoja nukta ya kwanza ipite kwenye kifimbo, kisha ya pili.

Mara ya kwanza tulipata sekunde 96. Mashine ilikuwa inakimbia, zaidi ya asilimia 4. Mzee aligeuza skrubu kwa bisibisi ndogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, tukarudia. Sekunde 101. Tukarudia tena na tena mpaka ikaja 100 mara tatu mfululizo. Kwa njia hii kosa la sekunde moja ni asilimia moja tu, ambayo hata mwalimu wetu haisikii kwa urahisi. Baadaye tulijiridhisha kwa kaseti moja ambayo kinanda cha umeme kinasikika vizuri: A yake ilikaa penye hezi 440 kwenye simu, kwa kukaribia sana. Kinanda hakichoki kama sisi, kwa hivyo ushahidi wake tuliukubali.

Kaseti zilizo kwenye sanduku ni 31. Mpaka leo tumenakili 19. Kabla ya kuingiza kila moja, tunahakikisha vile vibati viwili vya plastiki mgongoni vimevunjwa, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi akafuta wimbo kwa bahati mbaya. Tunaizungusha mbele na nyuma mara moja utepe ulegee kutoka kwenye mkao wa miaka. Kisha tunaicheza mara moja tu, na wakati huohuo kompyuta inanakili. Nakala moja iko kwenye kompyuta ya kanisa, nyingine kwenye diski inayokaa nyumbani kwa mweka hazina. Nawaomba msitosheke na kile kipande kinachozunguka kwenye WhatsApp. Kimebanwa ili kipite kwenye simu, na sauti nyingi za juu zimepotea humo.

Tumepata nini? Nitataja kimoja. Ule wimbo wa mavuno ambao tumeuimba miaka yote, alto wetu huimba chini ya soprano noti kwa noti, na wengi wetu tulidhani ndivyo ulivyotungwa. Kwenye kaseti ya mazoezi, alto hawafuati. Katika ubeti wa pili wanabaki chini, wanashika noti moja wakati soprano wanapanda, na tena wanaingia katikati yao na neno lililochelewa. Mama mmoja aliyekuwa alto wakati huo alikuwa nasi ofisini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Huyo ni dada yangu." Kisha akaanza kuimba sehemu hiyo, yote, bila kukosea. Mwalimu aliandika solfa palepale akiwa amepiga magoti kando ya kiti chake. Leo mchana mtausikia wimbo huo ukiimbwa hivyo, na kama alto watatetemeka kidogo muwavumilie. Wamejifunza kwa majuma matatu tu.

Si zote zilizopona. Mbili zina utepe uliojikunja kama karatasi ya peremende, na hizo tutazishughulikia mwisho, baada ya mzee kujizoeza kwa kaseti zisizo na thamani. Moja ilikaa karibu na spika kubwa na ina sehemu zilizofifia, ambazo mkanda mpya hauwezi kuzirudisha. Zilizobaki ziko salama mradi zisikae tena juu ya kabati lile chini ya bati, penye joto. Tumezisimamisha kama vitabu kwenye sanduku la mbao, mbali na spika.

Sasa nina maombi kwenu. Wapo washirika wenye kaseti za kwaya nyumbani, zilizorekodiwa kwenye harusi, mazishi na makongamano. Msizijaribu kwenye redio za zamani mlizonazo, kwa kuwa mipira ya redio hizo ina umri uleule na wa deki yetu. Zileteni ofisini baada ya ibada ya pili, ziandikwe jina la mwenyewe, nanyi mtarudishiwa kaseti yenu pamoja na nakala. Pili, mzee fundi amekubali kufundisha vijana wawili kazi hii Jumamosi asubuhi, bila malipo. Mmoja tayari amejiandikisha, yule wa besi mwenye uzi. Tunatafuta msichana mmoja mwenye mkono mtulivu. Tatu, kamati inaomba ruhusa ya kununua mikanda mingine miwili ya akiba ihifadhiwe ndani ya bahasha mahali pa baridi, na spiriti chupa moja. Orodha ya gharama iko kwa mweka hazina.

Na mwisho kabisa, daftari la ofisi linaonyesha kwamba kaseti namba 7 na namba 22 ziliazimwa kwa ajili ya harusi na hazikurudi. Jina la mwazimaji limefutika, lakini mwandiko tunautambua. Namba 22 ndiyo yenye upande wa pili wa mazoezi ya Pasaka, wenye sauti ya tena ambayo hatuna mahali pengine popote. Tafadhali, hata kama imekatika, ileteni.